Ambrose Shivachi, Fundi wa Bodi Kuukuu

Wachungaji wetu, jamaa, majirani wa Laini Saba na wageni kutoka Kawangware, poleni kwa jua hapa uani mwa kanisa, familia nayo imechoka, vikao vya matanga vimetumaliza sauti, kwa hiyo mtatuvumilia tukisoma polepole.

Ambrose Shivachi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kakamega, kitinda mimba wa mzee Khamala na mama Kageha. Alianza shule mwaka wa 1978, akafika kidato cha pili mwaka wa 1987, karo ikakosekana, jambo lililomuuma hadi mwisho ingawa alilifanyia mzaha, akisema masomo yake yalipotea kama stima ya Kibera.

Alikuja Nairobi mwaka wa 1990, akakaa Soweto West, akafanya vibarua, akajifunza redio, na mwaka wa 1997 akafungua kibanda chake hapa kando ya reli, akajulikana kwa kazi ambayo mafundi wengine waliikimbia, kufufua kompyuta za zamani ambazo kapasita zake, yale makopo madogo ya kutunza umeme, zimevimba vichwa na kuvuja maji yanayokula bodi, ule ubao wa saketi ulio ndani ya mashine. Weh, kazi ile ilikuwa ya kuchosha, ang'oe moja moja, asugue bodi kwa mswaki na spiriti, achomelee mpya, na baada ya muda mteja arudi na nyingine imevuja.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Mourine katika kanisa hili, wakajaliwa Morris mwaka wa 2000 na Mideva mwaka wa 2003.

Mwaka wa 2004 aliitwa Kawangware na Seline, mfumaji wa sweta za shule ambaye mashine yake iliendeshwa na kompyuta kuukuu, akaweka kapasita mpya akifuata alama zilizochapwa kwenye bodi, akawasha, zikamlipukia usoni, kumbe kiwandani walikosea, upande wa chanya wakauandika hasi. Tangu siku hiyo hakung'oa kapasita yoyote kabla ya kuweka alama kwa kalamu yake mwenyewe, kuonyesha ile ya zamani ilivyokaa, naye alimwambia kila fundi asiamini kilichochapwa, aangalie kilichokuwepo. Kurudi Kawangware kukawa kwingi kuliko ubovu wa mashine, mnacheka nini, sote tulijua, na Mourine aliumia, hilo hatulifuniki leo.

Mnamo Februari 2024 miguu yake ilianza kuvimba, moyo ukachoka, akawa mtu wa kulazwa na kuruhusiwa, mikono ikatetemeka hata asiweze kuchomelea, na akatutoka asubuhi ya tarehe 3 Septemba 2025 akiwa hospitalini.

Sasa, karatasi mlizo nazo mikononi zimeandika watoto wawili. Zilichapwa wakati bado tunagombana, wengine wakisema jina la tatu litaleta aibu kanisani, na tulikuwa tumekubali kusoma hivyo hivyo, yaishe. Lakini leo asubuhi Mourine alichukua kalamu ya mumewe kibandani, akaandika jina hilo kwenye nakala hii tunayoisoma, akasema amechoka, hana nguvu tena ya kumchukia mtoto aliyemshikia baba yake kazi mikono ilipokataa. Kwa hiyo tunasoma: watoto wa Ambrose ni watatu, Morris, Mideva, na Rachael, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 2005, mama yake akiwa marehemu Seline, aliyetutangulia mwaka wa 2019.

Rachael, umesimama huko nyuma ya hema tangu tuanze, mama yako Mourine anasema uje huku mbele, kiti chako kiko kati ya Morris na Mideva.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochanga na kupika, na mafundi wenzake wa jua kali wanaotulindia kibanda. Gari la kwenda Kakamega linangoja, lakini lingoje kidogo, msichana bado anapita.

Haya, lala kwa amani, Ambrose, watoto wako wote wameketi.