Vifaranga Saba wa Uzao wa Mama

Baridi ya mwezi wa saba ikishuka Kizwite, hata mbwa habweki, anaona uvivu kufungua mdomo. Asubuhi hiyo benchi la Beda muuza kahawa lilikuwa limejaa: Leonardi, wanayemwita Waziri kwa wingi wa ahadi, Adriano, wanayemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kuchanja ng'ombe wawili, na Bibi Bertilla, kajitanda blanketi, kikombe kakikumbatia. Vifaranga wake kumi na wanne walikuwa wamebaki saba. Nusu alishamwahidi mdogo wake Otilia wa Msanzi, maana tetea aliyewaangua alikuwa uzao wa kuku wa marehemu mama yao, na kwa ajili ya tetea huyo dada hao walinuniana miaka minne.

— Banda lako la mabati lile ni friji, Bibi, Daktari akasema. Weka taa.

— Taa gani, na umeme wenyewe huu?

— Basi matone ya kimpumu kwenye maji yao. Pombe ya ulezi inapasha damu.

— Kifaranga akilewa atamtukana nani? Beda akauliza.

— Wapelekwe Kipili, Waziri akasema. Kule ziwani watu wanalala bila shuka. Unawatia kwenye boksi, gari la asubuhi. Mwezi wa tisa wanarudi wamenenepa kwa dagaa.

— Utawasindikiza wewe? Bertilla akauliza.

— Mimi nina majukumu.

— Kukalia benchi la watu, hilo ndilo jukumu.

— Mnawadekeza tu, Waziri akasema. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Waacheni baridi iwakomaze.

Daktari akamkanyaga mguu. Waziri akarudia kahawa yake.

Bertilla alijifanya hakusikia. Kwa mama yao hapakuwa na banda. Lilikuwepo jiko la nyasi, mafiga matatu, tetea na watoto wake chini ya tenga karibu na majivu. Upande wa pili yeye na Otilia, mguu juu ya mguu. Kifaranga akilia, mama anasema bila kufungua macho, "Sogeeni, mwenzenu kapata baridi."

— Tulikuwa tunanuka kuku, Bertilla akasema. Lakini hakufa hata mmoja.

— Siku hizi jiko lako lina vigae, Bibi. Mkamwana wako atakubali? Beda akauliza.

Kabla hajajibu, bodaboda ikasimama. Otilia akashuka, tenga jipya mkononi.

— Shikamoo dada.

— Marahaba, mdogo wangu.

— Nimesikia wamebaki saba. Sikasiriki, baridi haina mwenyewe. Nipe watatu, wewe baki na wanne, yaishe.

Bertilla akashusha pumzi. Miaka minne, na yameisha hivi hivi, barabarani.

— Ila mama yao yuko wapi? Otilia akauliza. Nataka nimwone, kama bado ana yale manyoya ya shingoni.

Waziri akatazama milima. Daktari akatafuta kitu mfukoni. Beda akatikisa birika, halina kitu. Siku ya komunyo ya mjukuu wageni walizidi, mchuzi ukapungua, na pale benchini hapakuwa na mtu ambaye hakulamba vidole.

— Kaa kwanza, mdogo wangu, Bertilla akasema.

Otilia hakukaa.