Kokoto Mbili za Kocha Hruska

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Delbert Hruska, kocha wa besiboli wa Chuo cha Brannock, hapa Nebraska. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka themanini na moja. Alifundisha miaka thelathini na nne. Chuo kimoja, uwanja mmoja, kofia ileile iliyopauka. Miaka thelathini na nne, wapendwa.

Alishinda michezo mia sita na kumi na mmoja. Lakini ukiuliza mjini, wengi watakutajia mchezo mmoja alioshindwa. Kwa mchezo huo walimbandika jina: Kocha Msahaulifu. Leo tumvue jina hilo.

Nyasi za uwanja alizikata mwenyewe. Mvua ikianza, yeye ndiye wa kwanza kushika turubai. Wachezaji waliotoka mbali hawakula Pasaka peke yao. Mkewe, Bi Lorene, aliwaokea kolache, vile vimkate vitamu vyenye plamu, na kocha aliwafungia nyingine kwenye taulo safi wapeleke bwenini.

Alikuwa na desturi yake. Sheria ya besiboli inasema hivi: kocha akienda uwanjani kuzungumza na mrushaji wa mpira mara mbili katika zamu moja, mrushaji huyo lazima atoke. Basi Delbert aliweka kokoto mbili mfuko wa kushoto. Kila alipokwenda, alihamisha kokoto moja mfuko wa kulia. "Kichwa hudanganya," alikuwa akisema. "Mfuko haudanganyi."

Sasa twende mwezi wa tano, mwaka 1988. Fainali ya ligi. Mshindi anakwenda mashindano ya taifa, na Brannock haijawahi kufika huko. Zamu ya mwisho. Brannock wanaongoza kwa pointi moja. Anayerusha ni Curtis Amundsen, mwanafunzi wa mwaka wa nne. Jukwaani ameketi baba yake, Orville, mfuga ng'ombe, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka shamba la tatu.

Kocha akaona kiwiko cha Curtis kinashuka. Akaenda.

"Mkono unauma?"

"Kidogo tu."

"Kidogo cha kwako au cha daktari?"

Curtis akatupa jicho jukwaani. "Kocha, usinitoe. Baba anasema mwanamume haachi kazi katikati ya shamba. Akisikia nimetoka kwa sababu ya mkono, nitamtazamaje?"

"Sawa, mwanangu. Hatasikia habari ya mkono."

Delbert akarudi. Mrusho uliofuata ukaenda kombo. Baada ya ule mwingine, mkono wa kijana ukaning'inia kama mkono wa shati kwenye kamba ya nguo. Kocha akatia mkono mfukoni. Akasimama kidogo. Miaka kumi na mitano alikuwa ameungoja mchezo huo. Halafu akauvuka mstari wa chokaa.

Mwamuzi akapaza sauti. "Delbert! Hii ni ya pili! Hukuhesabu?"

"Lo!" kocha akajipiga paji la uso. "Nimesahau."

Kwa hiyo Curtis alitolewa na sheria. Hakutolewa na mkono. Akaingia kijana wa mwaka wa kwanza, akapigwa mipira miwili mirefu, na Brannock wakashindwa. Delbert akawaambia waandishi, "Kosa ni langu."

Dhihaka zilidumu miaka, na Orville ndiye aliyeziongoza. Kila asubuhi, pale duka la mikate: "Delbert! Leo umeshaingia mara moja. Ukirudi tunakutoa!" Watu wakacheka. Delbert naye akacheka, akaagiza kahawa yake, akamsogezea Orville sukari.

Bi Lorene ametuambia hivi: "Nilikuwa jukwaani, nilimwona. Kokoto kwanza, mguu baadaye. Jioni nikafua suruali yake, mfuko wa kulia una kokoto mbili. Nikamwonyesha. Akasema, 'Lorene, we fua tu.'"

Brannock hawakwenda taifa mwaka ule. Hawakwenda mwaka wowote chini yake. Lakini wachezaji wake kumi na tisa leo ni makocha. Curtis ni mmoja wao. Mkono ule daktari aliukuta ungali unatibika, na mpaka leo unawarushia mipira watoto wa shule.

Jumamosi tulimzika. Kanisani Curtis alisimama akasema yote, habari ya kiwiko na habari ya ahadi. Baba yake alikuwa mstari wa mbele, ana miaka themanini na minane. Hakuinua macho.

Kisha watu wakapita kumuaga marehemu. Orville akapita na fimbo yake, akafika mlangoni. Hapo akageuka, akarudi mpaka kwenye jeneza.

Mhudumu wa kanisa akamsogelea taratibu. "Mzee Orville, umeshapita."

"Najua," akasema mzee. "Hii ni ya pili. Nimehesabu."

Akasimama pale muda mrefu. Hakuna aliyemtoa.

Bi Lorene, pole sana, mama. Poleni watoto na wajukuu, poleni Brannock. Mlikuwa na mtu, na tunajivunia kuwa tulikuwa naye.

Nawe, msikilizaji mpendwa, jiulize: ni nani aliyewahi kubeba aibu yako huku akicheka? Kama bado yu hai, mwalike kahawa. Msogezee sukari.