Bi Arafa wa Jibondo Hakuwa Mtu wa Tabasamu

Wasikilizaji wapendwa wa Mafia, mlioko Kilindoni, Miburani, Utende, na ninyi mlioko Jibondo kwenyewe, acheni kidogo vyombo vya jikoni mnisikilize. Ni mimi Zubery. Leo sina muziki wa kufungulia kipindi. Nina hasira, na nimewaomba wakubwa wangu ruhusa ya kuingia nayo studio.

Arafa Sudi amefariki dunia. Bi Arafa Sudi wa Jibondo, mkulima wa mwani, mwanamke aliyewafundisha wanawake wenzake kuogelea. Jumanne asubuhi presha ilimpanda, akaanguka jikoni kwake. Boti ya kumleta hospitali ilikuwa bado inatiwa mafuta roho ilipotoka. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Nilikwenda kwenye hitima yake. Baada ya dua akasimama mgeni mmoja, bwana Godlove, ambaye kazi yake ni kuendesha semina za mafanikio. Amevaa suti, joto lile. Akasema, "Marehemu alikuwa mtu wa fikra chanya. Kila siku aliamka, akatabasamu, na mambo yakamnyookea. Siri yake ilikuwa tabasamu!" Watu wakaitikia kwa vichwa. Na mimi pia nikaitikia, Mungu anisamehe.

Ndipo binti akatokea upande wa wanawake. Ni Tumaini, ana miaka kumi na tisa, amelelewa na marehemu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti."

"Mama tumeshamwosha. Tumemwosha Jumanne, tukamkafini, akazikwa. Tafadhali, usimwoshe mara ya pili. Mama yangu hakuwa huyo unayemsema."

Basi, wasikilizaji wapendwa, leo nitawaeleza alikuwa nani. Nimezungumza na binti yake, na kaka yake, na mwalimu aliyemjua kuliko sisi sote.

Arafa alizaliwa Jibondo, kisiwa ambacho ndoo ya maji ya kunywa ilivuka bahari kabla ya kufika jikoni. Alikuwa na mdogo wake wa kike, Bimkubwa, waliyepishana miaka minane. Arafa alikuwa mkali, Bimkubwa mchangamfu. Wote wawili walilima mwani. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, walikwenda na wenzao kwa mashua hadi kwenye fungu la mchanga, wakafunga mbegu kwenye kamba, wakavuna, wakarudi maji yanapojaa.

Mwaka 2010 walirudi wakiwa wanawake wanane na wanaume watatu. Mwenye mashua alikuwa amerundika magunia ya mwani mbichi mpaka maji yakawa yanalamba ukingo. Wanawake walimwambia. Akawajibu kwamba yeye ameanza kuendesha vyombo kabla hawajazaliwa. Bimkubwa, ili kuwatoa wenzake hofu, akaanza kuimba wimbo wa harusi. Wakati anaimba, mashua ikapinduka.

Haikuwa bahari kuu. Walikuwa wanaiona misikiti ya kwao. Wanaume wote watatu waliogelea mpaka pwani. Wanawake watano waling'ang'ania mkuku, ule ubao wa chini ya mashua, uliokuwa sasa uko juu. Watatu walizama. Bimkubwa alikuwa mmoja wao.

Narudia, wasikilizaji. Wanaume watatu, wote hai. Wanawake wanane, watatu wamekufa. Tangu utoto wanawake hao waliingia baharini kila mwezi, na hapakuwa na hata mmoja aliyefundishwa kuogelea.

Arafa alikuwa kwenye mkuku. Aliona kanga ya mdogo wake ikitanuka juu ya maji, hatua tano tu kutoka mkono wake. Hatua tano. Hakuweza kuachia ubao. Alimwambia Tumaini baadaye kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kujichukia kama alivyojichukia dakika ile.

Tumaini alikuwa na miaka minne, mtoto pekee wa Bimkubwa. Arafa alimchukua siku hiyohiyo.

Msibani watu walisema ni amri ya Mungu. Arafa aliinua uso. "Sikatai amri ya Mungu," alisema. "Lakini nionyesheni wapi Mungu amekataza mwanamke kujifunza kuogelea." Wakamwambia ana uchungu, atulie. Hakutulia.

Alimwendea kaka yake Abeid, fundi wa mashua, akamwomba amfundishe. Abeid ameniambia mwenyewe, macho yakiwa chini: "Nilimwona kama anataka kunidhalilisha. Mtu mzima, mama wa mtu, anarukaruka majini? Nilimfukuza kiwandani. Nilimwonea haya dada yangu. Leo najionea haya mimi."

Aliyekubali alikuwa Mwalimu Devotha, mtu wa Bukoba, aliyekuwa anafundisha shule hapo kisiwani. Amekulia kando ya ziwa, kuogelea alikujua tangu mdogo. Arafa alimkuta anasahihisha madaftari, hakukaa hata kwenye kiti alichopewa. "Mwalimu, nifundishe. Nikishajua, nitawafundisha wengine. Sina zawadi ya kukupa." Mwalimu akamuuliza ataanza lini. Arafa akasema kesho baada ya Alfajiri.

Na hapa, enyi mnaopenda kusikia juu ya mafanikio, tegeni sikio. Kesho yake alikwenda. Aliingia majini na suruali, dera amelifunga kiunoni, na alipofika maji ya kifua akatapika kwa hofu. Akatoka, akaenda nyumbani. Kesho yake akarudi. Siku kumi na tisa alitapika. Siku ya ishirini aliweza kutia uso ndani ya maji. Mwalimu Devotha anasema hakumwona akijipa moyo kwa maneno matamu hata siku moja. Alikuwa anakuja amekunja uso, anaondoka amekunja uso. Siku moja Mwalimu alimwonea huruma, akamwambia, "Leo kama hujisikii, pumzika." Arafa akamjibu, "Mwalimu, mimi sifanyi nikijisikia. Nafanya saa ikifika."

Alikuwa akiamka, anaswali, anakunywa chai ya rangi kikombe kimoja, anaingia majini. Anapiga mikono kumi. Wiki iliyofuata kumi na miwili. Upepo wa kusi ukivuma, yumo. Siku ya Idi, yumo, kisha anarudi kukoroga biriani.

Walimcheka. Wanawake walimwita papa. Wanaume walisema maneno ambayo redio hii haiwezi kuyarusha. Mumewe alimwambia achague, yeye au maji. Arafa alikunja nguo zake, akamshika Tumaini mkono, wakahamia nyumba ya marehemu mama yake. Na ninyi mliomcheka mpo, mnanisikiliza sasa hivi, na wengine niliwaona kwenye hitima mkila pilau lake.

Mwezi wa sita wa mazoezi, aliweza kulala chali juu ya maji bila kushikwa. Mwalimu Devotha alimwachia, akarudi nyuma hatua mbili. Arafa alielea, masikio ndani ya maji, macho mbinguni, robo saa nzima. Aliposimama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Mwalimu," alisema, "humu hasira yangu imelala usingizi." Devotha anasema kama furaha ina sura, basi aliiona asubuhi ile. Haikukaa sana. Arafa alijifuta uso akasema, "Haya. Sasa wengine."

Wa kwanza alikuwa mjane. Wa pili alikuwa mke wa Abeid, aliyekuja kwa kujificha. Walijifunza ufukwe wa nyuma, wanaume wakishaondoka. Abeid alipojua alinuna wiki nzima. Wiki ya pili alitokea na vipande vya mbao nyepesi alivyovipiga randa, wanafunzi wavishike wanapojifunza kupiga miguu. Hakusema samahani. Aliviweka mchangani akaondoka. Kwa miaka kumi na mitano Bi Arafa amefundisha wanawake sitini na watatu. Sitini na watatu, wasikilizaji wapendwa, katika kisiwa ambacho kabla yake hakikuwa na hata mmoja.

Sasa nisikilizeni mimi na aibu yangu. Mwaka 2019 Bi Arafa alikuja hapa kituoni. Alikuja mara tatu. Aliomba dakika ishirini awaeleze wanawake wa Mafia nzima waje wajifunze, na awaambie wenye mashua waache kupakia kupita kiasi. Nilimpokea mimi. Nilimwambia, "Bi Arafa, kipindi changu cha asubuhi ni cha kuwatia watu moyo. Habari yako ni nzito. Njoo na kitu cha furaha." Akasema, "Furaha ya nani, mwanangu?" Akachukua viatu vyake mlangoni akaenda kuwahi boti. Sikumwita.

Mwaka 2022 ikaja semina Kilindoni. Wakulima wa mwani walialikwa, na msemaji alikuwa huyuhuyu bwana Godlove. Tumaini alikuwepo na mama yake. Godlove aliwaambia wote wafumbe macho na waseme kwa sauti, "Mimi ni mshindi." Ukumbi mzima ukafumba macho. Akamwona mmoja anamtazama.

"Mama, mbona hufumbi?"

"Nimeshaona waliofumba macho, baba. Sina hamu."

"Mama, hizo ni fikra hasi. Ndizo zinazokurudisha nyuma. Zitupe!"

Arafa akasimama. "Mdogo wangu Bimkubwa alikuwa na fikra nzuri kukushinda wewe. Mashua ilipopinduka alikuwa anaimba. Ukitaka kutusaidia, tutafutie maboya ya kuvaa. Mashua zetu hazina hata moja."

Godlove aliwaomba watu wampigie makofi kwa ujasiri wake, kisha akaendelea na semina. Maboya hayakuja.

Na mwezi wa tatu mwaka 2023, mashua ya wakulima wa mwani ikapinduka tena. Mwenye chombo mwingine, ubishi uleule, magunia yaleyale yamerundikwa, wanawake wamesema na hawakusikilizwa. Miaka kumi na mitatu imepita na hakuna aliyekuwa amejifunza kitu, isipokuwa wanawake. Ukimwacha mwenye chombo, aliyeogelea mwenyewe mpaka pwani, ndani ya mashua walikuwa wanawake kumi na wanne. Arafa alikuwemo. Tumaini alikuwemo. Mke wa Abeid alikuwemo.

Tumaini ananihadithia: "Nilimeza maji, nikasikia sauti ya Mama. Lala chali! Achia gunia, lala chali! Alikuwa anatugombeza kama anavyotugombeza ufukweni. Kwa kweli nilimwogopa yeye kuliko bahari. Nikalala chali. Nikageuza shingo nikaona wenzangu wote wamelala chali, wamesambaa kama mikeka. Yeye anazunguka anatuhesabu. Akifika kumi na tatu anaanza upya, mpaka akakumbuka kujihesabu mwenyewe."

Walikaa majini karibu saa nzima, wakisogea pwani kidogo kidogo, mpaka Abeid na wenzake wakawafikia. Wanawake kumi na wanne. Wote hai. Nasema tena, wote kumi na wanne, hai.

Waandishi walifika, na mimi nikiwemo. Tuliandika kwamba ni muujiza. Bi Arafa alikuwa ameketi mchangani amefunikwa blanketi, meno yanagongana. Akaniambia, "Muujiza? Miaka kumi na miwili nimeamka alfajiri mkanicheka, leo mnaita muujiza? Andika mazoezi, Zubery. Na andika jina la aliyepakia magunia." Jina hilo sikuliandika. Nilijiambia kwamba watu wanataka habari njema.

Ndiyo maana ya hasira yangu, wasikilizaji wapendwa. Tumemgeuza mwanamke huyu picha ya kutundika kwenye semina. Tunasema alitabasamu kwa sababu tabasamu halitudai kitu. Tukisema ukweli, kwamba aliwakasirikia wenye vyombo, aliwakasirikia wakubwa, alinikasirikia mimi, na kila alfajiri akaibeba hasira hiyo mpaka majini akaifanyia kazi, basi itabidi na sisi tufanye kitu. Naamini Bi Arafa alifanikiwa. Naamini alionja furaha pia, robo saa kwa robo saa, akiwa amelala chali. Lakini furaha hiyo aliitafuta kwa mikono na miguu, saa ilipofika, ajisikie asijisikie.

Kwa Tumaini, kwa Kaka Abeid na mkewe, kwa Mwalimu Devotha, kwa wanawake wote sitini na watatu na familia zao: tunawapa pole. Pole ya kweli, na samahani ndani yake. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Arafa, amkutanishe na Bimkubwa mahali pasipo na kuzama, na awape subira mliobaki.

Nilipokuwa naondoka Jibondo nilimuuliza Tumaini kama ataendeleza mafunzo. Alinishangaa. Alisema siku ya nne tu baada ya mazishi walikuwa majini wanane, na wawili kati yao ni wapya.

Nami leo siwaombi mkae kimya dakika moja. Kimya tumekaa vya kutosha. Wewe mwenye mashua, kesho shusha magunia mawili. Na wewe unayenisikiliza, una mama, au mke, au dada, au binti anayeingia baharini kutafuta riziki. Hujawahi kumuuliza kama anaweza kuelea. Zima redio sasa hivi, nenda kamuulize.