Nyuso za Ukuta wa Mwezi Mpevu

Ndugu waombolezaji, marehemu Anton Shigela Mahona alizaliwa Usoke, wilayani Urambo, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa Mzee Shigela Mahona na Mama Paskazia, wakulima wa tumbaku, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1979 hadi 1985, na kwa ushuhuda wa mama yake, madaftari yalijaa picha kuliko hesabu.

Mwaka 1988 alihamia Tabora mjini kujifunza uchoraji wa mabango, na saluni nyingi za mtaa wa Chemchem zilipambwa kwa mkono wake. Tarehe 20 Juni 1998 alifunga ndoa na Julieth Ngollo, wakajaliwa Consolatha na Mhoja.

Agosti 2021 ukumbi wa disko wa Mwezi Mpevu ulimpa ukuta mzima, akauchora kwa rangi kali za matangazo ya soda, wanaume wenye miwani myeusi wakicheza na marobota ya tumbaku mabegani, akiwasema wanaoacha fedha za mavuno ya familia kwenye kaunta ya pombe, na wahudumu wa kike akawachora miguu, viatu na trei za chupa tu, bila nyuso. Watu walicheka na kusifu, ila Asmahani wa kaunta alimwambia mbele ya wenzake, "Fundi, viatu umevipatia hadi visigino, sasa sisi tunaongea kwa magoti?"

Nyumbani alimwambia mkewe kwamba amewasema walevi huku akiwatazama wahudumu kwa macho ya walevi hao hao. Januari 2022 alianza kwenda asubuhi, wahudumu wakiosha glasi, akachora uso mmoja mmoja, na chini yake maneno aliyoyachagua mhusika mwenyewe, kama ya kwenye kanga; Asmahani alichagua "Nimechoka, sijashindwa."

Wahudumu wa kuchorwa walikuwa kumi na mmoja. Novemba mwaka huo figo zilianza kumsumbua, naye akahofia jambo moja, kuondoka kabla ya kumaliza. Alifikisha kumi. Wa mwisho alikuwa ameolewa mbali na hakutaka kukumbushwa kazi ya baa, marehemu hakumlaumu, akamwachia nafasi yake ukutani, nayo ilikuwa bado wazi marehemu alipofariki Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chemchem, mafundi wenzake, na wahudumu wa Mwezi Mpevu wanaopika hapa msibani tangu juzi.

Jana mchana mama yule wa kumi na mmoja alifika, akampa mjane pole, akaomba jina lake tusilitaje lakini uso wake uchorwe, na Consolatha, aliyekuwa akimchanganyia baba yake rangi, ataanza Jumatatu. Baba Consolatha, pumzika kwa amani, kazi imepata mtu.