Karani na Sheria Iliyotoka Juu

Ndugu waombolezaji, majirani, na watumishi wa halmashauri mliofika, familia imempa mdogo wa marehemu, fundi cherehani mnayemwona mbele yenu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake, na ingawa shangazi amemnong'oneza mlangoni kwamba aliyekufa hasemwi, fundi atayasoma kama yalivyokuwa.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Karani, alizaliwa tarehe 11 Machi 1949 katika nyumba hiihii, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Alianza shule ya msingi Januari 1957 na kumaliza sekondari mwaka 1967, kwa sare alizoshonewa na mama, aliyeachwa mjane mapema, akawalea wanawe kwa cherehani ya kukanyaga iliyokaa kwenye kibaraza cha mbele. Akiwa kiranja wa darasa la saba aliandika ubaoni makatazo tisa, akamalizia kwa maneno "Kwa amri", mwalimu akadhani yametoka kwa mkuu wa shule, mkuu wa shule akadhani yametoka wizarani, na miaka miwili baadaye watoto walikuwa bado wanachapwa kwa kukanyaga nyasi ambazo hakuna aliyezipanda.

Tarehe 2 Januari 1970 aliajiriwa na halmashauri ya mji, na tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa binti mwaka 1977 na mwana mwaka 1980, waliolelewa kwa masharti yaliyobandikwa kwenye mlango wa choo, na leo wote wako ughaibuni, wametuma salamu. Mwaka 1981 alipandishwa kuwa mkuu wa ofisi ya kuandaa sheria ndogo, chumba chenye meza moja, taipureta moja, na kabati la muhuri ambalo ufunguo wake alitembea nao kiunoni.

Tarehe 3 Juni 1986 Sheria Ndogo Namba 14 ilianza kufanya kazi, ikikataza chombo chochote chenye kanyagio kutumiwa kwenye kibaraza kinachotazama njia ya umma, na siku hiyohiyo askari wa halmashauri walibeba cherehani kumi na tisa, ya kwanza ikiwa ya mama yake mzazi. Mama alimngoja mlangoni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akamuuliza, "Mwanangu, sheria hii imetoka wapi?", naye bila kuvua viatu akajibu, "Imetoka juu, mama," akapita kwenda kulala, maana ilikuwa saa nane mchana na huo ndio ulikuwa wakati wake wa kupumzika.

Mama alifariki Aprili iliyofuata, cherehani yake ikiota kutu katika ghala la halmashauri, na fundi akahamia chumba cha nyuma kisicho na dirisha, akashona humo miaka zaidi ya thelathini mpaka macho yakamchoka. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini msumeno wa marehemu ulikuwa na meno upande mmoja tu, na upande huo hakukaa yeye.

Alianza kuugua figo mwaka 2017, akalazwa hospitali Januari 2019, na kwa kuwa miguu ya shemeji ni mibovu, aliyemwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani ni mdogo wake. Tarehe 9 Februari, akifutwa mgongo, alisema akiutazama ukuta, "Hapakuwa na juu. Juu nilikuwa mimi. Ile cherehani ilininyima usingizi wa mchana." Fundi aliendelea kufuta mpaka maji yakapoa kwenye beseni, kisha akamletea karatasi, marehemu akaandika yote kwa mkono wake, pamoja na jinsi madiwani walivyoinua mikono bila kusoma kwa sababu chakula kilikuwa tayari, na muuguzi wa zamu akashuhudia sahihi.

Fundi aliipeleka karatasi kwa mwanasheria wa halmashauri, binti mpole, aliyeisoma mara mbili, akaikunja vizuri na kumrudishia, akisema, "Baba, sheria ikishapita na kupigwa muhuri haiulizwi ilizaliwa na nani wala kwa nini, ni kikao kilichoipitisha, na ni kikao kitakachoifuta." Fundi akauliza, "Hata kama aliyeizaa anaikana?", akajibiwa, "Hata akiikana." Marehemu aliposimuliwa hayo alitabasamu, na tabasamu hilo fundi hajalisamehe.

Karani alifariki tarehe 27 Februari 2019, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari, yule muuguzi aliyeshuhudia sahihi, majirani mlioleta viti na maturubai, na wafanyakazi wenzake wa halmashauri mlioleta shada la maua, pamoja na askari wenu waliosimama getini. Hao askari waambiwe mapema kwamba kesho saa mbili asubuhi fundi ataweka cherehani kwenye kibaraza hiki, kinachotazama njia ya umma, kwa ruhusa ya mjane, aliyemjibu kwa maneno mawili tu, "Kanyaga, shemeji," na kwamba mafundi wengine waliobaki hai wamekwisha alikwa, hakuna atakayekimbia.

Kaka, lala kwa amani, ukiweza.