Mkono Uliobaki Chini: Maisha ya Fundi Nusu

Ndugu waombolezaji, wazazi wetu, majirani, na ninyi mafundi mliofunga karakana zenu leo, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata kwa kuzaliwa, tumenyonya ziwa moja na kuchapwa fimbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia yake huku ikinionya nisitie chumvi. Nitajitahidi, ingawa mwenyewe hakuwa mtu wa kusimuliwa bila chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, fundi baiskeli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama yetu alikuwa akisema kwamba huyu alikuja duniani taratibu, kama mgeni anayebisha hodi mara mbili. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alinipakia kwenye keria ya baiskeli ya mteja, tukateremka mlima ulio nyuma ya shule, akabana breki ya mbele peke yake, tukaruka sote juu ya usukani. Kesho yake akajaribu ya nyuma peke yake, baiskeli ikateleza ubavu, tukaishia mtaroni. Baba alituchapa kwa safari zote mbili, kisha akamkalisha chini akamweleza kwamba chombo kikifungwa breki uzito wote hukimbilia mbele, nyuma kunabaki kwepesi, na kilicho chepesi hakibanwi sawa na kilicho kizito. Mimi nilibaki na kovu la kidevu hili mnaloliona, yeye akabaki na kazi ya maisha yake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1959 hadi Desemba 1966, akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1967, akahitimu Novemba 1969 kwa cheti cha ufundi wa magari, ambapo alifaulu hesabu vizuri sana, na katika kwaya ya chuo, kwa ushahidi wangu mwenyewe, aliombwa kwa heshima asirudi.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika karakana ya mabasi, kitengo cha breki, na mwaka 1975 akahamia karakana ya magari ya mbio ya zamani, yale mafupi ya milango miwili na pua ndefu, ambayo wenyewe huyapenda kuliko usingizi. Huko ndiko alikokutana na vali ndogo inayoenea kiganjani, inayokaa kwenye bomba la mafuta ya breki linalokwenda magurudumu ya nyuma, na wale ambao hamkubahatika kushikwa mkono naye mkaelezwa habari za vali hiyo mpaka chai ikapoa, nitawaeleza mimi, mshona viatu, kama nilivyoelewa. Ukikanyaga breki kidogo, vali inaacha nguvu ipite sawasawa mbele na nyuma, lakini ukizidi kukanyaga, nguvu ikafika kiwango kilichopangwa, springi ya ndani inasalimu amri, pistoni inasogea na kubana njia, na kuanzia hapo nguvu ya nyuma inaongezeka kwa kiasi kidogo kuliko ya mbele. Bila hivyo, magurudumu ya nyuma, yaliyokwisha kuwa mepesi, yanajifunga na kuacha kuzunguka, na gari linageuka, mkia ukatangulia kichwa. Kuna skrubu juu yake, ukiikaza nyuma inapata zaidi, ukiilegeza nyuma inapata kidogo, na marehemu hakuwahi kuigeuza zaidi ya nusu raundi kwa mara moja, ndipo mafundi wakamwita Nusu, jina alilolistahili hata mezani, kwa maana chai pia aliomba nusu kikombe, halafu akaomba nusu nyingine.

Shida ya kazi hiyo ni kwamba dereva haoni magurudumu yake ya nyuma, kwa hiyo lazima mtu asimame kando ya barabara, gari lije kwa kasi, lifunge breki mbele yake, naye aseme ni magurudumu gani yaliyojifunga kwanza. Jioni moja ya Machi 1976, kwenye ile barabara ya machimbo isiyotumika, marehemu hakuwa na wa kumtazamia, akamwomba binti mmoja mshona sare za shule aliyekuwa akipita kurudi kwao, naye, mwenye jicho la kuona uzi uliopinda toka upande wa pili wa chumba, akamjibu, “Ya nyuma, tena la kushoto limetangulia.” Marehemu akabisha. Binti akamwambia, “Sasa uliniuliza ya nini?” akachukua mkoba wake akaondoka. Marehemu alifungua gurudumu lile la kushoto, akakuta binti amesema kweli, na kesho yake akaenda kusimama palepale na shati lililopigwa pasi, bila gari.

Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976, na tangu hapo shemeji yangu ndiye aliyesimama kando ya barabara ile, gari baada ya gari, kwa alama waliyokubaliana wenyewe: nyuma ikitangulia kujifunga, ananyanyua mkono, mambo yakiwa sawa, mkono unabaki chini. Alama hiyo ilihamia nyumbani. Marehemu akianza kupandisha sauti mezani, mkono ulinyanyuka polepole juu ya sahani, naye akalegea nusu raundi, na watoto wao watatu, binti mmoja muuguzi na wana wawili, mmoja fundi na mwingine mhasibu, walikua wakidhani kila nyumba ina mkono wa namna hiyo.

Mwaka 1986 alifungua karakana yake nyuma ya kituo cha mafuta, na mwaka 1994 akanunua bodi tupu ya gari la mbio, jekundu lililofifia kwa jua, akamwahidi mke wake kwamba hilo halitakuwa la mteja, hilo watapanda wawili, yeye akae ndani badala ya kusimama kando. Tulimcheka sana, kwa sababu magari ya watu yalitoka na lake likabaki juu ya matofali, na shemeji akawa anaanikia nguo juu yake.

Mwaka 2017 mikono yake ilianza kutetemeka, madaktari wakatuambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu usio na tiba, na kufikia 2021 mguu nao ulikataa kukanyaga kwa utulivu. Gari lilikuwa limekamilika, imebaki kuirekebisha vali barabarani tu, na marehemu aliapa kwamba mke wake hatapanda gari lenye mkia usioaminika, wala hakutaka mwanawe fundi aliendeshe, akidai kwamba huyo hukanyaga breki kama anayeua nyoka. Tuliona wazi kuwa atakufa na ahadi yake mkononi, na ilituuma.

Ni shemeji aliyemaliza ubishi. Tarehe 19 Machi 2022 alichukua ufunguo, akatupeleka kwenye barabara ya machimbo kwa pikapu ya karakana, mwana fundi akituletea gari lile kwa mwendo wa konokono, kisha akamweka mumewe kwenye kigoda upande ule aliokuwa akisimama yeye, akaingia nyuma ya usukani. Mkono wa marehemu ulitetemeka hata isingejulikana kama umenyanyuliwa au la, kwa hiyo mimi nilimshika kiwiko. Gari lilikuja kwa kasi, likafunga breki, mkia ukayumba, kiwiko kikapanda. Shemeji akashuka, akalegeza nusu raundi, akarudia, kiwiko kikapanda tena, akalegeza tena. Mara ya tatu magurudumu ya mbele yalilia kwanza, gari likasimama limenyooka, na mkono wa kaka yangu ukabaki chini.

Alikuwa analia. Mke wake alipomfikia alimwambia, “Kumbe huku ndiko kugumu. Miaka yote hii nakujia mbio, wewe umesimama tu.” Shemeji akamfuta uso kwa upindo wa nguo, akasema, “Ndiyo. Lakini kila mara ulisimama.” Kisha akampakia kiti cha abiria, wakaondoka wawili, sisi tukabaki na kigoda.

Tangu siku hiyo shemeji alimwendesha kila alipokuwa na nguvu, hadi hali ilipobadilika Agosti 2024, na tarehe 6 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia nyumbani kwake, kiganja chake kikiwa katika kiganja cha mkewe, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka na kuvumilia maswali yake kuhusu breki za gari la wagonjwa, majirani mliovumilia mlio wa magari yake na leo mmetupikia, na mafundi wenzake mliobeba jeneza hili kana kwamba ni la baba yenu. Gari jekundu mnaloliona nje litatangulia, mjane ndiye atakayeliendesha, tunaomba mnaofuata mliachie nafasi na msipige honi.

Mjane amenituma nisome neno lake moja, kama alivyolitamka asubuhi hii: “Nimekutazama mpaka mwisho, baba watoto. Umesimama umenyooka. Mkono wangu uko chini.”

Kaka, kila kitu ulikiomba nusu, ila amani hii ipokee nzima, upumzike.