Binya Mkia, Corinne

Sikilizeni wanangu, na wewe Wade zima hiyo televisheni, maana pumzi iliyobaki sitaki kugawana na mtangazaji wa hali ya hewa. Corinne, sogea, kaa upande huu wenye sikio zima. Daktari kasema yake, sasa nasema yangu, na msinikatize, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na hili langu nimelificha miaka kumi na tisa.

Nyumba ni yenu wawili, nusu kwa nusu. Kibanda cha kukaushia mkizi kwa moshi ni cha Wade, maana mkono wake umempita hata marehemu mama yenu, na mama yenu hakuwa mtu wa kupitwa. Fimbo za kuvulia gawaneni bila kelele. Imebaki boti. Wade, najua niliahidi kukupa, lakini sikia kwanza niliahidi kwa nini.

Nimeishi hapa kisiwani Chokoloskee miaka themanini na mmoja, na katika vyote alivyoumba Mungu majini sijaona cha kumpita samaki huyu, snuki. Ule mstari mweusi ubavuni mwake, ni kama umechorwa na fundi asiyetetemeka mkono. Maji yakipwa hujilaza kivulini mwa mikoko, mlangoni mwa hori la bahari, akingoja dagaa waletwe na mkondo, wala hahangaiki. Ukimnasa hakimbilii bahari wazi kama samaki wajinga, anarudi mizizini anakokujua, na shavu lake lina wembe wa kukata mshipi ukabaki umeshika fimbo na aibu yako. Amenishinda mara nyingi kuliko nilivyomshinda, na kila mara nilimvulia kofia.

Sasa ile siku ya mashindano ya uvuvi, Wade ulikuwa kazini Tampa, hukuona. Dada yako alimnasa jike kubwa, akamtoa mizizini mara tatu, kidole gumba kikichunwa na mshipi, wala hakuniomba msaada. Mimi mwenyewe nisingemweza yule, na leo naliungama hilo. Tukamlaza kwenye ubao wa kupimia. Mkia ukiwa umelegea, inchi thelathini na mbili na robo tatu. Sheria yetu mnaijua, akizidi thelathini na tatu anarudi majini, na kila mtoto wa hapa anajua kwamba mkia hubinywa kwanza, ncha zake zikutane, ndipo usome.

Nikamwambia, "Acha hivyohivyo, mama, kombe ni letu."

Akabinya mkia. Thelathini na tatu na robo.

"Amezidi, baba."

"Nani kaona?"

"Mimi."

Akashuka majini mpaka kiunoni, akamshikilia yule samaki tumboni mpaka akarudiwa na nguvu, akamwachia.

Mbele ya watu wote gatini nikamwita mjinga, nikasema damu ya uvuvi haikumfikia, na jioni ileile nikampigia Wade simu kwamba boti ni yake. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Corinne hukukanyaga tena boti yangu. Kila Krismasi uliniletea pai ya ndimu, ukaniuliza hali, ukaondoka, nami kwa kichwa changu kigumu sikukuomba ubaki.

Ukaja ule mwaka wa baridi kali, snuki wakaelea wamekufa hori zima, nikalia kama niliyefiwa. Nilidhani basi. Mwaka wa tatu nikaona vitoto mizizini, vyembamba kama penseli, kila kimoja na mstari wake. Hawakuletwa na makombe ya kabatini kwangu. Waliletwa na mama zao walioachwa waende, na katika ukoo huu, aliyemwacha mmoja huku kombe likimwita ni wewe peke yako.

Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe. Mvuvi ni wewe. Boti ni yako.

Wade unacheka nini? Ati unatapika hata boti ikiwa imefungwa gatini? Miaka yote hii ulikuwa unaisafisha tu? Haya. Mungu akubariki kwa kuninyamazia.

Majivu yangu mwageni mlangoni mwa hori maji yakipwa, si yakijaa, nisije nikarudi kuwasumbua. Na snuki akirukia dagaa katikati ya sala, simamisheni sala.

Mpendane... Mungu awafunike, awape maji matulivu na... ngoja, nipumue kidogo.

Ubao uko nyuma ya mlango. Uchukue, Cori. Watasimama watu kanisani kunisifu, waongo watakuwa wengi, watasema nilikuwa hivi, nilikuwa vile. Wewe simama uwaambie na ya gatini. Usinipime nimelegea... Nipe mkono. Huo wenye kovu.

Binya mkia, mama. Ndipo usome.